Kifaa cha Kusikia Kisichoonekana: Je, Sikio Lako Litakikubali?

Wengi wanaotafuta kifaa cha kusikia huanza na sharti moja: kisionekane. Mzee wa baraza hataki kuulizwa na kila apitaye, mwalimu hataki wanafunzi wamkodolee macho, bibi harusi hataki waya wowote kwenye picha. Sharti hilo ni la haki, na vifaa vya kulitimiza vipo. Ila umbo la kifaa ndilo linaloamua kitakuwa na nguvu kiasi gani, betri yake itadumu siku ngapi, kitakuwa na maikrofoni ngapi, na kama sauti yako mwenyewe itakukera au la. Kwa hiyo suala la kuonekana linafaa lije mwisho, baada ya sikio kupimwa na kutazamwa ndani. Na kwa mtu wa Lamu au Malindi yako mambo mengine ambayo vipeperushi vya watengenezaji havigusi kabisa: jasho, chumvi, udhu, ushungi, na safari ya kumfikia mtaalamu.

Ukubwa wa namna tatu

Vifaa vya ndani ya tundu la sikio (Tanzania utasikia vikiitwa shimesikio, sawa na vile vya nyuma ya sikio) hutofautishwa kwa herufi zilizoandikwa kwenye boksi. ITC hujaza mlango wa tundu, na ukimtazama mtu kwa upande unakiona. CIC huingia ndani, kikabaki nje uso wake mdogo na kijiuzi cha plastiki cha kukivutia. IIC huenda ndani zaidi, kupita kona ya pili ya tundu, hata aliyeketi kando yako hakioni.

Vyote vina viungo vilevile: maikrofoni, chipu ya kuchakata sauti, spika ndogo inayoelekea kiwambo cha sikio, betri na mlango wake, kichujio cha kuzuia nta, na mara nyingi kijitundu cha kupitisha hewa. Kinachotofautiana ni nafasi. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa sentimita 2.5 hivi. Theluthi ya nje ni gegedu lenye nywele na tezi za nta. Sehemu ya ndani ni mfupa uliofunikwa na ngozi nyembamba mno. IIC hukaa huko kwenye mfupa, ambako ukingo uliozidi kidogo tu, ambao kwenye gegedu usingeuhisi, huchubua ngozi ndani ya siku moja.

Vifaa vingi vya aina hii hutengenezwa kwa kalibu ya sikio lako mwenyewe. Vipo pia vilivyotengenezwa tayari, vinavyovalishwa kofia laini ya silikoni ya saizi mbalimbali. Hivi vina faida ya kujaribiwa siku hiyohiyo, lakini havishiki vizuri kama cha kalibu, na kwenye sikio lenye jasho huteleza.

Mchoro wa usikivu unasema nini

Kabla ya bei, kabla ya rangi, omba nakala ya mchoro wa kipimo chako. Kutoka kushoto kwenda kulia ni sauti nzito hadi nyembamba, kwa kawaida hezi 250 hadi 8000. Kutoka juu kwenda chini ni ukubwa wa sauti kwa desibeli. Kadiri alama zinavyoshuka ndivyo sauti inavyohitaji kuongezwa ndipo uisikie. Sikio la kulia huchorwa kwa duara jekundu, la kushoto kwa alama ya X ya buluu.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021 kuhusu usikivu, lilipanga viwango kwa wastani wa hezi 500, 1000, 2000 na 4000 katika sikio lenye nafuu. Desibeli 20 hadi chini ya 35 ni upotevu mdogo. 35 hadi chini ya 50 ni wa wastani. 50 hadi chini ya 65 umevuka wastani. 65 hadi chini ya 80 ni mkubwa. Kuanzia 80 ni mkubwa sana. Kwa vifaa vinavyofichika, aliye chini ya 50 ana uwanja mpana wa kuchagua. Kati ya 50 na 65 inategemea umbo la mchoro na upana wa tundu, na ITC huanza kuwa salama kuliko IIC. Ukifika 65 na kuendelea, spika inayoenea ndani ya kifaa kidogo hivyo hulemewa: ama sauti inapungua, ama inarudi kwenye maikrofoni iliyo milimita chache tu nyuma yake na kifaa kinapiga mluzi. Anayekuuzia IIC wakati mchoro wako uko 75 anakuuzia umbo tu.

Lakini wastani peke yake hudanganya. Angalia mchoro umekaaje. Kwa watu wengi waliozeeka, na kwa waliofanya kazi miaka mingi kando ya injini ya boti, jenereta au msumeno wa umeme, sauti nzito ziko salama na zile nyembamba zimeporomoka. Mtu wa namna hii anasikia kwamba unasema, ila haelewi unasema nini. Irabu zinamfikia, konsonanti s, sh, f, t na k zinampotea. *Kasa*, *kata* na *kaka* kwake ni neno moja. Ndiye anayesema, "Nakusikia, lakini mbona wanong'ona?" Na ndiye ambaye, ajabu, kifaa kinachozama ndani ya tundu mara nyingi hakimfai kama anavyotarajia. Sababu yake inataka maelezo marefu kidogo, maana hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea.

Sauti ya mtungini

Ziba masikio yote mawili kwa kubonyeza vile vinyama vya mlangoni mwa tundu, kisha sema "mimi" na "huku". Sasa sema tena bila kuziba. Ulipoziba sauti yako ilivimba, kama umeingiza kichwa mtungini. Unaposema, mtikisiko wa koo na taya hupita kwenye nyama na gegedu hadi ndani ya tundu la sikio. Tundu likiwa wazi, sauti hiyo nzito hutoka nje bila wewe kuigundua. Likizibwa, hunaswa ndani na kugonga kiwambo. Irabu *i* na *u* ndizo zinazovimba zaidi, ndiyo maana maneno hayo mawili ni kipimo kizuri.

Mtu ambaye sauti nzito zimeshampungua, tuseme hezi 500 ziko desibeli 40 au zaidi, hasumbuki sana, kwa sababu anahitaji kuongezewa huko huko. Lakini yule ambaye hezi 250 na 500 ziko karibu na kawaida atasikia kila neno lake likivuma, kila tonge likitafunwa kichwani, kila hatua ikigonga. Wiki ya pili kifaa kiko kabatini.

Dawa zipo mbili. Ya kwanza ni kijitundu cha hewa kinachopitia kifaa kizima. Kikiwa na kipenyo cha milimita 1 kinapunguza tu ile hali ya kubanwa. Kuanzia milimita 2 hadi 3 ndipo mvumo unapopungua kweli. Kwenye ITC nafasi hiyo hupatikana. Kwenye IIC mara nyingi hakuna pa kukitoboa. Tena kila kijitundu hicho kinapopanuliwa, sauti iliyokuzwa nayo hupata njia ya kurudi kwenye maikrofoni, na mluzi unaanza. Dawa ya pili ni kuzamisha kifaa hadi kwenye mfupa, ambako kuta hazitikisiki kama gegedu. Hapo IIC iliyokaa sawasawa humshinda CIC kwa mbali. Lakini iliyokaa sawasawa. Ikiishia kwenye gegedu, umepata mvumo wote na nguvu kidogo.

Kwa hiyo ikiwa mchoro wako umenyooka upande wa sauti nzito na umeporomoka upande wa nyembamba, jaribu kwanza kifaa cha nyuma ya sikio chenye waya mwembamba na kofia ya silikoni iliyotobolewa. Chenyewe ni kidogo, waya wake ni kama unywele, tundu linabaki wazi. Wengi waliokuja wakitaka kisichoonekana huondoka nacho, na wanakivaa.

Tundu, taya na tambuu

Mchoro ukikubali, bado tundu lenyewe halijakubali. Lililo jembamba sana au lenye kona kali haliwezi kumeza IIC. Linalotoka usaha, au lenye kiwambo kilichotoboka ambacho hulowana mara kwa mara, lisizibwe: litahitaji hewa, na unyevu huo utaua spika. Mtoto ambaye sikio lake bado linakua naye si wa kifaa hiki. Kila baada ya miezi michache ganda la kifaa lingemkataa, kwa hiyo hupewa cha nyuma ya sikio chenye kalibu laini inayobadilishwa kwa gharama ndogo.

Kuchukua kalibu ni kazi ya dakika kumi, lakini ndiyo inayoamua mengi. Mtaalamu atazame ndani kwa taa. Nta ikiwapo itolewe kwanza, na kama ngozi imechubuka wakati wa kuitoa, kalibu isubiri siku nyingine. Kisha huingizwa kizuizi cha sponji au pamba chenye uzi, kipite kona ya pili, halafu silikoni laini hudungwa taratibu kutoka ndani kuja nje. Inakauka kwa dakika tatu hadi tano. Ikishatoka, ndani hutazamwa tena. Kizuizi kisipowekwa, au kikiwa kidogo kuliko tundu, silikoni inaweza kuteleza hadi kwenye kiwambo na kukamatia huko, na kuitoa ni kazi ya daktari. Una haki ya kuuliza, "Umeweka kizuizi?" Mtu anayeijua kazi yake hatachukizwa.

Jambo linalosahaulika ni taya. Unapofungua kinywa, kifundo cha taya husogea na umbo la tundu hubadilika. Kwa watu wengine hupanuka waziwazi. Anayetafuna tambuu au miraa saa nyingi kwa siku, na msomaji wa Kurani au mwimbaji wa kasida anayefungua kinywa kikamilifu, kifaa chake hutoka kidogo kidogo kama kinasukumwa, kisha hupiga mluzi. Mwambie mtaalamu mapema. Kalibu inaweza kuchukuliwa ukiwa umefungua kinywa kwa kuuma kipande cha plastiki, au ukitafunatafuna silikoni inapokauka, ili ganda lifuate sikio linalofanya kazi.

Joto, chumvi na maji

Ubaya wa pwani kwa kifaa cha ndani ni mmoja, nao una sura nyingi: unyevu. Sikio lililozibwa hutoka jasho. Jasho huifanya nta kuwa laini. Nta laini hutiririka kwenye mdomo wa spika, ambao uko ndani kabisa ya tundu. Kifaa cha nyuma ya sikio chenye kalibu huweka spika yake mbali na nta. Cha ndani huizamisha humo humo. Ndiyo sababu hitilafu inayoongoza kwa vifaa hivi ni kichujio kuziba, hata mwenye kifaa akadhani kimekufa.

Tundu lisilopata hewa pia hualika fangasi. Dalili ni mwasho mkali, kuhisi sikio limejaa, na uchafu mweupe au mweusi wenye chengachenga. Ukiona hivyo, vua kifaa hadi utibiwe. Kuendelea kukivaa ni kuupikia ugonjwa. Aliyewahi kuugua hivyo mara mbili tatu kwa mwaka, sisi hatumshauri IIC hata kama mchoro wake unaikubali.

Kisha maji ya udhu. Masikio hupanguswa kwa vidole vyenye maji, na anayetawadha kwa kila sala anakutana na jambo hili mara tano kwa siku. Njia iliyo salama ni kukivua kabla, kukiweka kwenye kiboksi chake mfukoni mwa kanzu (si ukingoni mwa birika, huko ndiko vinakopotelea), kutawadha, kupangusa sikio kwa kitambaa kikavu, kungoja dakika mbili tatu, kisha kukirudisha. Hapa ndipo ukubwa unapokuwa jambo la kila siku: kuvua na kuvaa ITC mara tano ni rahisi, IIC, kwa vidole vyenye maji kwenye mwanga hafifu wa alfajiri, ni mtihani. Anayetaka kukivaa wakati wa hotuba ya Ijumaa afanye zoezi hilo nyumbani kwanza.

Baharini hakiingii. Mvuvi, mpiga mbizi wa kamba, mtoto wa Shela aliyejirusha kutoka gatini, wote wakivue kwanza. Hata kifaa kilichoandikwa IP68 (alama ya kustahimili vumbi na maji) kimepimwa kwa maji safi yasiyo na chumvi wala mawimbi. Kikidondoka baharini ukakipata, toa betri papo hapo, kipanguse, kiache wazi ndani ya kopo la kukaushia kwa siku nzima, usikiwashe kuona kama kimepona, na kipeleke kikaguliwe, kwa maana chumvi iliyobaki ndani huendelea kula shaba.

Kopo hilo la kukaushia lisikosekane Lamu wala Malindi. Ni kopo lenye kifuniko kinachobana, ndani yake punje za silika zinazobadilika rangi zikishiba unyevu. Kila usiku: pangusa kifaa kwa kitambaa kikavu; shika brashi yake ndogo, geuza mdomo wa spika uelekee chini na usugue ili uchafu udondoke nje na si kuingia; toa betri; acha mlango wazi; funga kopo. Betri isilale humo, maana silika hukausha maji yake ya ndani na kuipunguzia siku. Mchele haufai, vumbi lake huziba maikrofoni. Jua nalo, na kikaushia nywele, hupindisha ganda.

Betri na vidole

CIC na IIC nyingi hutumia betri namba 10, yenye utepe wa njano. ITC nyingi hutumia namba 312, ya kahawia. Namba 13 ya chungwa na 675 ya buluu ni za vifaa vikubwa. Zote ni za zinki na hewa: ukibandua utepe hewa huingia kwa vitundu vidogo na betri huanza kufanya kazi, utumie au usitumie. Kwa hiyo usibandue kabla ya kuhitaji, na ukishabandua iache dakika moja hadi tano kabla ya kufunga mlango. Kurudisha utepe hakuisimamishi kabisa. Betri ya saa ya mkononi si mbadala, hata ikienea na hata mwenye duka akikuapia.

Namba 10 hudumu siku 3 hadi 7, kutegemea saa za kuvaa na nguvu inayotakiwa. Tuchukue siku 5: masikio mawili kwa mwaka yatakula betri 146, yaani kadi 25 za betri sita sita. Namba 312 kwa siku 7 ni 104, kadi 18. Fanya hesabu hiyo kwa bei ya mahali unaponunulia, na uulize kabla ya kulipia kifaa kama namba hiyo inapatikana mjini kwako au itakuja kwa basi kutoka Mombasa. Vifaa vya ndani vya kuchaji vipo, na vinakuondolea shida ya kushika betri, ila huwa vinene zaidi, na kila usiku umeme usipokuwapo ni asubuhi bila kusikia. Aliye na sola au pawabenki asiogope.

Betri namba 10 ina upana wa milimita 5.8 na unene wa 3.6, yaani imezidi punje ya choroko kwa kidogo tu. Basi jipime hivi: keti chini ya taa unayotumia nyumbani, mwaga choroko kumi mezani, ziokote moja moja kwa kidole gumba na cha shahada, uzigeuze na kuziweka kwenye kifuniko cha chupa. Zikikuponyoka, iwe ni kwa baridi yabisi, ganzi ya sukari au mtoto wa jicho, kifaa cha ukubwa huo kitakufanya umtegemee mtu mwingine kila siku. Chagua ITC au cha kuchaji. Alama nyekundu kwenye ganda ni kulia, ya buluu kushoto. Usione haya kuomba ziwekwe kubwa.

Betri hizi, mpya na zilizokwisha, ziwekwe mbali na watoto. Aliyemeza moja, au kuiingiza puani au sikioni, akimbizwe hospitali mara moja bila kungoja dalili, kwa sababu huunguza nyama ndani ya muda mfupi.

Barazani na njiani

Maikrofoni ya kifaa cha ndani imekaa pale pale sauti inapoingilia sikio la kawaida, kwa hiyo sikio la nje linaendelea kuisaidia: unajua sauti inatoka mbele au nyuma, simu unaishika kama zamani, upepo wa kusi haupigi maikrofoni moja kwa moja kama unavyoipiga ya nyuma ya sikio. Kwa nahodha, kwa anayepanda bodaboda na helmeti, kwa mvaa miwani, faida hizi ni kubwa, na zinatosha kuwa sababu ya kukichagua hata bila kufikiria kuonekana.

Upungufu wake uko kwenye kelele za watu. Kifaa kikubwa kina maikrofoni mbili zinazolinganisha sauti na kupunguza zitokazo nyuma. CIC na IIC kwa kawaida zina moja, na hukuza kila kitu: anayezungumza nawe, televisheni ya kahawani, punda anayelia kichochoroni. ITC huweza kubeba mbili. Ukikaa sana harusini au vikaoni, hilo liingie kwenye uamuzi. Mwenye maikrofoni moja aketi ukuta ukiwa mgongoni kwake, na anayezungumza awe mbele yake ndani ya mita moja.

Jambo la pili ni mawasiliano yasiyo na waya. Antena ya Bluetooth inataka nafasi, na vifaa vingi vidogo kabisa havina. Hapo hukosi muziki tu; unakosa pia kurekebishiwa sauti ukiwa mbali kupitia simu. Mtu wa Nairobi hajali. Mtu wa Pate au Faza, ambaye kila rekebisho ni boti hadi Mokowe na basi refu kwenda Mombasa, inafaa ajali sana.

Vilivyokwisha fichwa

Kuna swali ambalo linaokoa fedha nyingi: unataka kumficha nani? Mwanamke anayevaa ushungi kila anapotoka, kifaa cha nyuma ya sikio kimeshafichwa na nguo. Kitakachomsumbua ni mkwaruzo wa kitambaa kwenye maikrofoni. Kitambaa chepesi cha pamba kisichobana hupunguza mkwaruzo huo. Kile cha kuteleza chenye pini karibu na sikio huuzidisha. Akiona mkwaruzo haumwishii, hapo cha ndani kinapata sababu ya kweli, maana kitambaa hakigusi maikrofoni yake. Mwanamume mwenye kofia ya vito hana kifuniko hicho, lakini kifaa cha rangi ya nywele au ya ngozi, chenye waya mwembamba, ni vigumu kukiona kwa hatua mbili. Jamaa zako, kusema kweli, wameshajua kwamba husikii. Wamejua tangu ulipoanza kujibu maswali ambayo hayakuulizwa.

Siku ya kufungiwa kifaa, na baada yake

Anza na uchunguzi wa sikio kwenye hospitali iliyo karibu, Malindi au Lamu mjini; rufaa za ukanda huu kwa masikio, pua na koo kwa kawaida huelekea Coast General, Mombasa. Usikivu uliopotea ghafla ndani ya siku tatu, sikio moja tu lililopungua, usaha, maumivu, au kizunguzungu ni mambo ya daktari kwanza, na ule wa ghafla ni wa kukimbilia siku hiyohiyo. Wenye ulemavu wa kusikia wanaweza kujisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo lina mfuko unaosaidia vifaa.

Bei uliyotajiwa iulize inabeba nini: kipimo, kalibu, ziara za kurekebisha, vichujio, na ganda kutengenezwa upya likikataa, tena ndani ya siku ngapi. Ganda kukataa mara ya kwanza ni jambo la kawaida, lisikutie hofu. Kutokuwa na haki ya kulirudisha ndiko hatari. Panga safari tatu angalau: ya kipimo na kalibu, ya kufungiwa, na ya marekebisho baada ya wiki mbili hadi nne.

Siku ya kufungiwa, omba kipimo cha ndani ya sikio: kijibomba chembamba cha silikoni huwekwa kando ya kifaa karibu na kiwambo, sauti ya maneno inapigwa, na kompyuta inaonyesha kama kinachofika kinalingana na mchoro wako. Mpangilio wa kiwandani mara nyingi hupungukiwa kwenye sauti nyembamba, zile zile za *kasa* na *kata*. Kisha toka nje ya chumba hicho kimya, simama barabarani, zungumza, tafuna kitu, piga simu, sema "mimi" na "huku". Vipaza sauti vya bei ndogo vinavyouzwa mitandaoni kwa umbo hilohilo la kujificha havipangiki kwa mchoro wa mtu. Vingi hukuza yote sawasawa, hata mlio ambao sikio lako lilikuwa bado likiusikia vizuri.

Kikinyamaza, fuata mpangilio huu kabla ya kulipa nauli. Badilisha betri kwa mpya, uipe dakika zake za hewa, na uhakikishe upande wenye alama ya kujumlisha umekaa sawa. Bado kimya? Badilisha kichujio: kijiti chake kina ncha mbili, ile tupu ichomeke kwenye kichujio cha zamani na uvute kwa kunyoosha bila kuzungusha, geuza kijiti, ingiza kipya kwa ncha nyingine, vuta kijiti kitoke. Kwenye joto letu kichujio hudumu wiki mbili hadi nne. Kisha piga brashi kitundu cha maikrofoni. Usikichokoe kwa sindano, utando wake hutoboka.

Kikipiga mluzi, kivue na ukivae upya huku ukivuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili. Mluzi ukiendelea, acha mtu akutazame sikio kwa taa: nta iliyojaa hurudisha sauti kama ukuta. Matone ya mafuta ya zeituni kwa siku tatu hadi tano, usiku kifaa kikiwa kimevuliwa, huilainisha, mradi kiwambo ni kizima. Pamba za vijiti huisukuma ndani zaidi. Sikio likiwa safi na mluzi upo, basi ganda limelegea, na hilo ni la kurudi nalo kwa aliyelitengeneza, ukiwa na tarehe ya kununua mkononi.